Kumwarifu Mwenye Nyumba
Maneno yaliyosemwa na karani wa masjala mbele ya wanachama, Ngerengere



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme nanyi, aliniachia nichague jambo mwenyewe. Nami nilipomjibu kwamba nitasema habari za bati linalovuja, alidhani nafanya mzaha. Katika mikutano iliyopita tumesikia habari za mishahara, za kupandishwa vyeo, na za mafao ya uzeeni, nayo ni mambo makubwa. Walakini sisi tuliomo humu, tukiwaondoa wachache waliokwisha kujenga, twalala katika nyumba za watu. Mtumishi huhamishwa, leo yuko Ngerengere, mwakani yuko Mvuha au Gairo, na kila aendako jambo lake la kwanza ni kutafuta chumba. Basi yafaa tuseme kidogo habari za nyumba hizo, na hasa habari ya jambo moja ambalo sisi makarani, watu tuliofundishwa kuandika, hatuliandiki.

Kazi yangu mwaijua. Barua ikija huipiga muhuri wa tarehe, huiandika katika daftari, huipa namba, huitia katika jalada lake, kisha huipeleka kwa anayehusika. Mtu akija kulalamika kwamba hakujibiwa, swali langu la kwanza ni hili: "Uliandika lini, na nakala yako iko wapi?" Akisema kwamba alimwambia tu fulani njiani, mimi hutikisa kichwa. Nimetikisa kichwa namna hiyo miaka kumi na moja. Na wakati nilipokuwa nikiwatikisia wengine kichwa, paa la nyumba niliyopanga lilikuwa likivuja, nami sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Niwaeleze ilivyokuwa. Nyumba ni ya vyumba viwili na ukumbi, ya tofali za kuchoma, imeezekwa bati, upande wa pili wa reli. Niliipata kwa dalali, na kodi nikailipa ya miezi sita, kama ilivyo desturi. Mtu aliyepokea fedha alikuwa mzee mmoja mpole, mcheshi sana, nami nikamhesabu kuwa ndiye mwenye nyumba. Sikumwuliza. Nilipewa kipande cha karatasi kilichoandikwa jina langu na kiasi cha fedha, na sahihi isiyosomeka.

Katika mvua za vuli za mwaka ule wa kwanza tone moja likaanza kudondoka karibu na mlango wa chumba cha kulala. Mke wangu akaweka beseni. Nilipokutana na yule mzee sokoni nikamwambia, naye akasema, "Vema, nitaangalia." Baada ya majuma mengi tukakutana tena, mara hii msibani, nikamkumbusha, nami niliona haya hata kumkumbusha, maana tulikuwa tumeketi chini pamoja na wafiwa. Akasema vile vile, "Nitaangalia." Basi tukasogeza kitanda. Mwaka wa pili tukasogeza kabati, na mabeseni yakawa matatu. Mke wangu aliniuliza kwa nini simwandikii barua. Nilimjibu kwamba kumwandikia mtu mzima barua kwa habari ya tundu la msumari ni kama kumshitaki. Jibu lile nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwezi wa Aprili mvua za masika zilinyesha usiku kucha. Maji hayakudondoka tena. Yalishuka ndani ya ukuta, nyuma ya lipu, yakafika penye swichi. Alfajiri binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, aliamka kwenda nje, akanyosha mkono awashe taa. Nilisikia kishindo. Nilimkuta chini ukumbini, macho wazi, hasemi. Nikazima swichi kubwa kwa ufito wa ufagio, nikambeba mpaka zahanati nikiwa sina viatu. Mungu alitustahi, mtoto akazinduka, akalia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu kuliko sauti yoyote niliyopata kusikia. Kovu analo kidoleni hata leo.

Asubuhi ile nilimwendea yule mzee kwa hasira, ndipo akaniambia kwa upole wake ule ule kwamba nyumba si yake. Ni ya mkewe waliyekwisha kuachana, akaaye Matombo. Yeye kazi yake ilikuwa kupokea kodi na kuipeleka. Hapa wenyeji wa Morogoro mtanicheka, nami nastahili. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mwanamume aweza kukaa miaka ishirini katika nyumba, akaitengeneza, akaipangisha, wala isiwe yake. Mimi nilikuwa nimeishi katika wilaya hii muda wa kutosha kulijua jambo hilo, na nyaraka za mirathi zapita mikononi mwangu kila mwezi. Lakini kwa nyumba yangu mwenyewe sikuuliza swali ambalo humwuliza kila ajaye dirishani: nani mwenye mali?

Nikapanda gari mpaka Morogoro, na kutoka Morogoro nikapanda jingine la njia ya Mkuyuni mpaka Matombo. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima, anaanua mihogo. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno yangu makali tangu Kiroka. Nilipoyasema yote alinyamaza kitambo, kisha akauliza habari za mtoto, anakula, analala, mkono unafunguka? Halafu akaniuliza, "Mwanangu, tundu hilo lilianza lini?" Nikasema ni mwaka wa pili sasa. Akasema, "Na wewe ni karani."

Hakusema zaidi ya hayo, wala hakuwa na haja. Ile nyumba aliijenga kwa fedha za migomba na mihogo, bati baada ya bati. Ilikuwa inaoza kwa miaka miwili, na mtu pekee aliyeuona uozo wake kila siku alikuwa ni mimi, nami nilinyamaza kwa kile nilichokiita heshima. Fundi alipolifunua paa alikuta papi mbili zimelika na mchwa, na mguu wa kenchi umeoza hata ukuchani waweza kuuparura. Kazi ambayo mwanzoni ingalimalizwa kwa misumari michache na bati moja ikagharimu shilingi laki nne na nusu. Kodi ya miezi mingapi hiyo, hesabuni wenyewe.

Mabwana, hapa kwetu tumezaliwa karibu na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Na tangu siku zile watu wa gengi hutembea juu yake kwa miguu, wana nyundo na spana, wakitazama kila msumari na kila taruma. Aonapo kilicholegea hukikaza, na kisichowezekana hupeleka habari kwa mkubwa wake. Sijasikia mkubwa wa reli aliyesema kwamba mtu wa gengi amemtukana kwa kuleta habari ya taruma bovu. Lakini sisi twaona kwamba kumwambia mtu habari ya bati lake bovu ni kumvunjia heshima.

Najua haya siyo haya tupu. Imo hofu pia. Mpangaji husema moyoni, Nikiandika sana, nitaambiwa nihame. Sitawadanganya. Mwenzetu mmoja aliandika mara tatu habari za shimo la choo lililokuwa likititia, na baada ya barua ya tatu aliambiwa atafute kwingine. Alihama. Ila kwa kuwa alikuwa na nakala za barua zote tatu, zenye tarehe, alirudishiwa kodi ya miezi minne aliyokuwa amekwisha kuilipa, bila kugombana. Alizitandaza tu mezani mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Na juma chache baadaye choo kile kiliporomoka usiku, hakuna aliyekuwamo. Mwenzetu yumo humu ndani leo, ananitazama.

Basi niseme jinsi ya kuandika, maana hii ndiyo kazi yetu. Kosa kubwa nilionalo katika barua za wapangaji ni kwamba huandika hasira badala ya habari. "Nyumba yako ni mbovu, tumechoka." Mwenye nyumba aliye mbali atafanya nini na maneno hayo? Hajui alete fundi bati au fundi bomba. Nimekuja na barua niliyompelekea yule mama Novemba iliyofuata, bati jingine lilipoanza, nami kwa ruhusa yenu naisoma:

"Mama, shikamoo. Natumaini hujambo pamoja na wote wa nyumbani; sisi huku hatujambo, na mtoto mkono wake umepona. Nakuarifu ya kuwa usiku wa kuamkia leo, tarehe 3 Novemba, mvua iliponyesha, maji yalipita katika chumba cha kulala, hatua mbili kutoka mlangoni, chini ya kofia ya bati. Tundu ni dogo, ila mbao iliyo chini yake imeanza kuwa nyeusi. Ukuta wa swichi ni mkavu. Fundi amepanda kutazama, asema bati moja na misumari yake vyatosha kwa sasa. Sijagusa kitu, nangoja neno lako. Naomba nipate jibu kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi huu, maana mvua zaongezeka. Nakala ya barua hii ninayo. Mimi mpangaji wako."

Tazameni kwamba imeanza kwa salamu, kwa kuwa anayeandikiwa ni mzazi. Imetaja mahali, siku, na kitu kilichoonekana kwa macho. Imetaja pia kilicho kikavu, ili asiyekuwapo asije akaogopa kupita kiasi. Imetaja siku ya kungoja jibu. Na haikusema lolote juu ya tabia ya mtu. Yule mama hasomi vizuri maandishi. Kwa hiyo barua hupelekwa na mtu, husomwa mbele yake na mjukuu wake, kisha nami humpigia simu kuhakikisha kwamba imesomwa yote. Wengine wenu mtasema, Siku hizi kuna picha za simu, ya nini barua? Pelekeni picha pia, zafaa sana, hasa picha ya ukuta uliopasuka yenye kitu kando yake cha kuonyesha ukubwa wa ufa. Ila simu hupotea, huibiwa, huanguka majini, na picha huzama nayo. Mimi nina daftari la shilingi mia tano limening'inia msumarini nyuma ya mlango. Mke wangu na mimi huandika kwa zamu kila kilichoharibika, siku tuliyomwarifu mwenyewe, na alilojibu.

Yako mambo yasiyongoja barua. Umeme ukionekana ukutani au swichi ikiwa ya moto, ukuta ukiinama, choo kikititia, toeni watoto kwanza, zimeni umeme, pigeni simu saa ile ile; barua ifuate siku hiyo hiyo. Nguzo, waya wa kuingia nyumbani na mita ni habari ya TANESCO. Waya za ndani, baada ya mita, ni za mwenye nyumba, wala mpangaji asizichokonoe kwa kisu.

Sasa, nani atengeneze nini? Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, haikuliacha jambo hili gizani. Katika kifungu cha 88 imemtwika mwenye nyumba ahadi ambazo ziko hata mkataba usipozitaja: nyumba ya kukaa watu iwe yafaa kukaliwa siku mpangaji anapoingia na ibaki hivyo; na akipangisha sehemu tu ya jengo, kama wengi wetu tulivyo na chumba kimoja kimoja, basi paa, kuta kubwa, mifereji mikubwa na mahali pa kupita wote ni juu yake. Sheria hiyo inatutwika na sisi: kulipa kodi, kuitunza nyumba, kumruhusu mwenyewe aje kuikagua kwa wakati wa kadiri, na kuirudisha katika hali tuliyoipokea, pasipo kuhesabu uchakavu wa kawaida. Kitasa alichokivunja mtoto wako kwa jiwe ni chako. Kioo ni chako. Tusijifanye hatujui.

Wako watakaoamua kukata gharama katika kodi. Yawezekana, lakini kwa mapatano yaliyoandikwa kabla ya fundi kupanda juu ya paa, na kwa risiti za dukani, siyo kwa kumwambia mtu mwisho wa mwezi, "Nimekata." Na kuzuia kodi yote ili kumtia adabu mwenye nyumba ni kujitoa wenyewe katika haki yetu. Hapa nataka kutia neno la pembeni: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika LUKU, mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikawa 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, nasi wapangaji huilipa bila kujua kila tununuapo umeme. Iandikeni katika daftari. Si lazima kudaiana; mimi sijamdai mama yule; ila siku ya mazungumzo ya bati ni vema kila mtu ajue nani amelipa nini.

Mambo yakishindikana, wazee wetu bado hutuambia twende Baraza la Nyumba, lile la Sheria ya kodi za pango ya mwaka 1984. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005, msiitafute. Iliyobaki ni njia ya Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu wala halihukumu. Siku 30 zikipita bila mapatano shauri laweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote, mabwana, swali la kwanza mtakaloulizwa ni lile lile la dirisha langu.

Ninyi mkaao katika nyumba za serikali, walimu na waganga, shida yenu ni nyingine kidogo, maana mwenye nyumba hana uso. Mwarifuni aliyewapa ufunguo, kwa barua iendayo katika jalada la nyumba hiyo, siyo katika jalada lenu wenyewe. Mtu huhamishwa na jalada lake humfuata, na tundu la paa likaondoka pamoja naye mpaka Gairo, huku ajaye nyuma akianza upya na beseni lake.

Na ninyi mliojenga, ambao jioni hii mmekuwa mkitabasamu, nina ombi. Mpangaji akikuletea habari, usiseme "Nitaangalia." Sema siku. Hata ukisema, "Sina fedha mpaka mavuno," hilo ni jibu, mtu aweza kupanga nalo. Mwandikie pale pale mwanzoni jina lako, na mahali ulipo, na kama kuna mtu akupokeleaye kodi, sema kama ana ruhusa ya kupokea na malalamiko. Zamani wenye nyumba wa Dar es Salaam walikuwa na udhuru kwamba Ngerengere ni mbali. Tangu tarehe 14 Juni, 2024 treni ya umeme inapita hapa kwenda Morogoro, na udhuru ule umezeeka.

Mwaka 1922 Martin Kayamba alipoanzisha kule Tanga chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika, alikusanya watu waliokuwa na kalamu mikononi mchana kutwa kwa ajili ya kazi za wengine. Kalamu hiyo ndiyo niliyoisahau mimi ofisini, nikaenda nyumbani mikono mitupu.

Bwana Mwenyekiti, nimetaipu nakala arobaini za barua ile, majina yameachwa wazi. Ziko mezani kwa Katibu, na wasiopata waandike majina yao. Mvua za vuli zimekaribia. Jumamosi hii saa mbili asubuhi fundi anakuja kwangu kupanda juu ya paa kabla hazijaanza, kwa gharama ya mama wa Matombo, ambaye amesema atakuja mwenyewe kutazama. Anayetaka kujifunza jinsi ya kutambua papi iliyolika na mchwa kabla haijavunjika, na aje. Nyumba ni ile ya tatu ukivuka reli, yenye mwembe.